Dawa ya Saa Nane

Chepngeno alikutwa amekufa saa kumi na moja jioni, Jumanne, katika wodi ya akina mama ya hospitali moja ya binafsi mjini Kitale. Alikuwa amejifungua juzi yake. Kifafa cha uzazi kilimrudia pasipo mtu karibu, na mtoto alikuwa akilia kitandani pembeni yake.

Kesho yake asubuhi Khairunisa, muuguzi aliyemhudumia, aliketi mbele ya Inspekta Chepchumba.

"Hiyo dawa ya kuzuia kifafa inatolewa kila baada ya saa ngapi?"

"Sita, afande."

"Wewe ulimpa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nyingine angepewa na Fridah saa nane mchana, mimi nikiwa nimetoka."

Inspekta akamsogezea karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta ya wodi. "Hapa imeandikwa 14:00. Saa nane. Jina ni lako. Na mlinzi wa lango anasema ulitoka saa saba. Sasa sista, ulimpa dawa ukiwa wapi?"

Khairunisa aliisoma karatasi mara ya pili. Saa mbili alikuwa amechoma sindano, akaandika 8:00, akabonyeza, akakimbilia mgonjwa mwingine. Alikuwa na hakika. Lakini karatasi ilikuwa mbele yake na jina lake juu, na kwa mara ya kwanza aliwaza jela.

Fridah naye akaitwa. "Nilichelewa, sikatai. Nilifika saa nane na robo, nikaona Khairunisa ashampa. Kompyuta ikaniambia nyingine ni saa mbili usiku. Sasa ningefanya nini?"

Kila mtu akamtazama Fridah kwa jicho la pembeni. Amechelewa, ameingia kwa nywila ya mwenzake, amejisafisha. Khairunisa mwenyewe aliamini hivyo, tena kwa hamu ya aibu, maana kama si Fridah basi ni yeye. Imani hiyo ilivunjwa na mama wa kitanda cha nne.

"Hata mimi jana dawa yangu ya maumivu mliileta usiku," alilalamika. "Nimeumia mchana wote."

Mama huyo naye alikuwa amepewa dawa ya asubuhi na Khairunisa. Fridah angefaidika nini kumbadilishia saa mtu wa maumivu ya kawaida?

Inspekta akageukia kompyuta. Gathii, mwenye kampuni iliyoiuzia hospitali ile programu, alikuwa wodini tangu alfajiri. Jumatatu ndipo alipowaletea toleo jipya, la Kiingereza kitupu. Akaandika 8:00 mbele ya polisi. Ikatokea 8:00.

"Iko sawa, madam. Hii tumeiandika wenyewe, kutoka mstari wa kwanza."

Ukumbini simu ya Khairunisa ikatetemeka. Namba ngeni. *Kubali ulisahau. Una watoto.*

Alimwonyesha Chepchumba ujumbe huo, na kwa sababu hakuwa na la kupoteza, akamwambia na jambo jingine. Kabla ya Kitale alifanya kazi zahanati moja Bungoma, na huko walitumia programu ya bure iliyofanana na hii kama pacha. Aliyeiandika aliitwa Makokha.

"Twende," alisema Inspekta. "Lakini usidhani nimekuamini."

Makokha alikuwa na karakana ya kompyuta nyuma ya msikiti mjini Bungoma. Aliitazama karatasi, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Sista, uliandika nini?"

"Nane. Saa mbili si ndiyo nane kwa Kiingereza?"

"Sasa kompyuta imesoma saa nane yetu, bana. Mimi niliandika hii kitu kwa manurse wa hapa. Mtu akiandika nane ya mchana, programu inaongeza sita, inaweka 14:00. Hawa wametoa Kiswahili kwa skrini, lakini ile sita ya ndani wameiacha. Dawa ya asubuhi inaonekana ni ya mchana, na inayofuata inasukumwa usiku."

"Si uliitoa bure?" aliuliza Inspekta.

"Bure kabisa. Wauze hata bei ya ng'ombe, sina neno. Leseni inataka tu wasifute jina langu, na mwenye kununua akiomba msimbo, yale maandishi ya ndani, apewe. Nilimwandikia Gathii mwezi uliopita. Nikamwambia, mkitoa Kiswahili toeni na hiyo sita. Hakujibu hata neno."

"Lakini leo imeandika sawa," alinong'ona Khairunisa.

"Leo Gathii alifika kabla yetu," alisema Chepchumba.

Alhamisi asubuhi walikutana katika ofisi ya meneja wa hospitali. Meneja aliomba msimbo. Gathii akatabasamu.

"Hiyo ni siri ya biashara."

"Kuna mahali popote programu yako inaongeza saa sita?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna. Mambo ya saa za Kiswahili sisi hatuna."

Chepchumba alikuwa ameona picha ya zahanati moja ya Cheptais katika matangazo ya Gathii. Akapiga simu, akaweka sauti juu. "Sista, andika 8:00 ya asubuhi. Imeweka ngapi?"

"14:00, afande. Ai! Mbona?"

Khairunisa alimnyang'anya Inspekta simu. "Kuna mama wa kifafa hapo?"

"Hapana, ni malaria tu."

"Usiiamini hiyo kompyuta. Angalia saa ya ukutani!"

Gathii alikuwa ameinamisha kichwa. Alikiri kwa sauti ndogo. Kila ukurasa wa msimbo ulikuwa na jina la Makokha, na yeye alishawaapia wateja kwamba ni kazi yake. Fundi wake aliacha kazi, hakuna mwingine aliyeuelewa, na kumwomba Makokha msaada kungemuumbua. Kwa hiyo kila palipotokea shida alipunguza sita kwa mkono kwenye kompyuta ya hapo tu, kimyakimya. Ujumbe wa simu ulikuwa wake. Alidhani muuguzi angefutwa kazi, mambo yakaisha.

"Kila palipotokea?" aliuliza Khairunisa. "Palitokea wapi kwingine?"

Inspekta akatoa pingu.

"Chwele," alisema Gathii. "Wiki jana."

Kule Chwele simu ilipokewa na karani wa zahanati. Ndiyo, walipoteza mama mmoja. Nurse alisahau dawa, akafutwa kazi. Nelima. Namba yake ilikuwepo.

Khairunisa alikosea tarakimu mara mbili kabla ya simu kuita.

"Nelima? Mimi ni muuguzi mwenzako, niko Kitale na polisi. Ni kuhusu ile dawa ya—"

"Sikusahau," ilisema sauti upande wa pili, ikianza kulia. "Dada, naapa, mimi sikusahau."