Modemu ya Bi Mkubwa

Mama mkwe alinipigia simu mimi, si mwanawe. Alikuwa anahamia kwa binti yake, nyumba nzima imejaa maboksi, na lipo moja alilotaka litoke kabla giza halijaingia.

"Njoo peke yako," alisema. "Na usimwambie mwenzio."

Nilifunga duka langu la kutengeneza kompyuta nikaenda. Nyumba ile sikuipenda hata siku moja. Humo ndimo mume wangu alimoishi na mke wake wa kwanza, marehemu, na kila nilipoingia nilikuta alama zake: pazia aliloshona, ndoano aliyotundikia mkoba, mikwaruzo ya kiti chake kwenye sakafu ya chumba cha pembeni. Mama mkwe alimsifia mpaka namna alivyokohoa. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu na kutabasamu huku roho ikiniuma. Wivu ninao, tena mwingi, na sijaona faida ya kuuficha.

Boksi lilikuwa limewekwa mlangoni. Ndani kulikuwa na modemu ya zamani, zile zilizokuwa zinapiga simu kwa waya wa ukutani ili kompyuta iongee na kompyuta nyingine. Ilikuwa nzito, imepauka, ina safu ya vitaa mbele.

"Kaitupe mbali," mama mkwe alininong'oneza.

"Mama, mbona nzima hii?"

"Sikiliza, mwanangu. Mumeo alipokuwa anapima ardhi huko maporini, marehemu alikuwa anaongea naye kwa hiyo. Kila jioni, wanaandikiana. Siku moja mumeo akachelewa. Tulimkuta marehemu ameinamia meza, shavu liko juu ya hiyo hiyo. Amekuwa wa baridi. Vitaa bado vinawaka..."

Akatazama nyuma, kana kwamba kuna mtu chumbani.

"Na mumeo hajaiacha. Kila Alhamisi anajifungia nayo. Anaandika, inamkataa. Anaandika tena, inamkataa. Anatoka macho mekundu."

Kila Alhamisi! Mume wangu alikuwa anaoga, ananyunyiza marashi, anavaa shati nililolipiga pasi mwenyewe, ananiaga kwamba anakwenda kumsalimia mama. Nami nilikuwa nawatambia wenzangu kwamba nimeolewa na mwanamume anayempenda mamaye. Habari ya kutupa ikanitoka kichwani pale pale. Nikalibeba boksi mpaka nyumbani.

Mume wangu alikuwa sebuleni. Alipoiona modemu mikononi mwangu akasimama. Aliipokea kwa mikono yote miwili, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, kisha akaiinamia akainusa. Mimi aliyenioa hajawahi kunigusa hivyo, hata siku ya harusi.

"Mama amesema nikaitupe," nikasema.

"Usiitupe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini iache tu, fundi wangu. Haiwezi kufanya kazi tena. Hata wewe hutaiweza."

Hata mimi! Aliniumiza mara mbili kwa sentensi moja. Niliichukua, nikaingia kwenye kichumba changu cha kazi nyuma ya sebule, nikarudishia mlango. Kati yetu ni ukuta wa mbao tu. Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya.

Nilitaka kujua alichokuwa anamwandikia. Na kama hakuna kitu, nilitaka nimwonyeshe kwamba hakuna kitu, ili Alhamisi zangu zirudi kwangu.

Kompyuta yangu ya kazi ni ya zamani, bado ina lile tundu la pini nyuma, na inatumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Watu wananicheka kwa hiyo Linux, ila haina longolongo: ikikukatalia inakwambia kwa nini. Nikachomeka modemu. Ikanikatalia, eti sina ruhusa ya kutumia tundu langu mwenyewe. Nikajipa ruhusa. Ikaleta takataka kwenye skrini, herufi zilizovunjikavunjika, kwa sababu kasi haikulingana. Nikaishusha kasi, nikaishusha tena. Nikaandika herufi mbili za kuisalimia, AT.

OK, ikajibu.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikasikia harufu. Modemu ilikuwa imeanza kupata joto, na kwenye vitundu vyake ilitoka harufu ya mafuta ya nywele. Mazuri, ya bei. Mimi nywele zangu nafunga kitambaa.

Nikaiamuru inionyeshe namba iliyohifadhiwa ndani yake. Ilikuwa moja tu, nami naijua kuliko jina langu. Ni namba ya simu ya mkononi ya mume wangu, na laini ile tuliinunua pamoja, wiki ileile tuliyooana. Marehemu hakuwahi kuijua.

Basi aliyeiweka ni mume wangu. Alikuwa amemwachia mke wake wa kwanza namba ya kumpigia.

Machozi yalinitoka kwa hasira. Nikaiamuru modemu ipige. Haikuwa na waya wowote wa simu, imekaa mezani kama tofali, kwa hiyo nilijua itakachosema. Ikasema: hakuna mlio wa laini.

Modemu ina adabu zake. Kabla ya kupiga husikiliza kwanza kama laini ina mlio, na isiposikia haipigi. Ni kama mgeni anayebisha hodi: asipoambiwa karibu, anarudi zake. Huko ndiko mume wangu alikokuwa anakwama Alhamisi zote zile. Lakini mimi ni fundi. Tukiwa tunajaribu modemu mbili mezani bila laini, sisi huziamuru ziache kusikiliza, zipige hivyo hivyo. Ni amri fupi. Nilikuwa nimeshaiandika mara nyingi maishani bila hata kufikiri.

Nikaiandika.

Modemu ikapiga. Tiriri, tiriri, namba moja baada ya nyingine...

Kimya.

Halafu sebuleni, simu ya mume wangu ikaita.

Nikadhani ni mteja wake. Nikasikia kiti kikisogea. Nikasikia akipokea, na papo hapo modemu mbele yangu ikaanza ule ukelele wake, mluzi, mkwaruzo, mvumo kama wa maji yanayochemka mbali. Vitaa vikawaka vyote. Mvumo ukakatika.

CONNECT, skrini ikaandika.

"Nipo," mume wangu alisema nyuma ya ukuta. "Nipo, mpenzi."

Mimi ananiita fundi wangu.

Herufi zikaanza kujitokeza kwenye skrini. Polepole, kama za mtu aliyekaa muda mrefu bila kuandika.

UMECHELEWA

Harufu ya mafuta ya nywele ilijaa chumba kizima. Nilihisi kitu baridi shavuni, shavu la upande mmoja tu.

MBONA HUANDIKI

NANI HUYO

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi wivu ulinishika vidole. Nikaandika: MIMI NI MKE WAKE.

Mshale wa skrini ulimetameta, ukametameta.

NA MIMI

Sebuleni mume wangu alikuwa ananong'ona, maneno siyashiki, ila kicheko nilikishika. Sikuwa nakijua kicheko kile. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa amekiweka akiba.

WEWE NI YULE FUNDI, ikaandika. KILA ALHAMISI ALINIAMBIA HABARI ZAKO. NILIKUWA NAMSIKIA. SIKUWEZA KUTOKA.

ASANTE KWA KUFUNGUA

Hapo akili ikanirudia. Kuikata modemu ikiwa hewani kuna utaratibu: unaacha kugusa kitu, unaandika alama tatu za kujumlisha, unaacha tena kugusa. Lazima mikono itulie kabla na baada, la sivyo inadhani unaendelea na mazungumzo. Nikaandika alama zangu. Mikono ilikuwa inatetemeka, kidole kikagusa herufi nyingine. Haikukata. Nikajaribu tena. Kidole kikagusa tena.

USIHANGAIKE, BI MDOGO

Nikachomoa ukutani waya unaolisha umeme meza nzima.

Vitaa vikazimika. Skrini ikazimika. Harufu ikapungua, ikaisha. Nikakaa gizani nikishukuru.

Nyuma ya ukuta, mume wangu alikuwa bado anaongea.

Niliingia sebuleni mbio. Alikuwa amekaa na simu sikioni, uso umelainika kama wa kijana anayechumbia. Nilimpokonya nikaiweka sikioni mwangu. Kulikuwa na ule mvumo tu. Wa mbali. Na katikati ya mvumo, mtu anavuta pumzi.

"Ulikuwa unaongea na nani?" nikamuuliza.

"Na nani tena?" alisema, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe umeitengeneza?"

Kesho yake niliivunja modemu kwa nyundo nikaenda kutupa vipande sehemu tofauti tofauti. Jua lilipozama, simu ikaita. Nikatazama baadaye kwenye orodha ya simu zilizoingia, hapakuwa na kitu. Nikambadilishia laini. Ikaita. Nilimpigia mama mkwe nikamweleza yote. Akasema, "Nilikwambia uitupe," akakata. Tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Basi nikaificha simu. Niliizima kabisa, nikaitia ndani ya kabati la vyombo vya kazi nikafunga kwa ufunguo. Jioni ile ilikuwa ya kwetu wawili. Alikula chakula changu, akalala ubavuni mwangu, nami nikajiambia nimeshinda.

Asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, ananitazama kwa heshima.

"Samahani, dada," akasema. "Nimelala kwako? Mke wangu atakuwa ananitafuta."

Nilidhani ni utani. Nikamcheka. Hakucheka. Nikamwonyesha picha zetu za harusi, akazitazama moja moja kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha za jirani. Akaulizia njia ya kwenda kwa mama yake. Nilimfungia mlango mchana kutwa. Alizunguka nyumbani akigonga kuta kwa vidole, na kila nilipomkaribia alisogea pembeni asije akanigusa. Kufikia alasiri alikuwa amesahau hata kuongea. Akifungua kinywa, kilichotoka ni ule mvumo tu... ule mvumo, na mluzi mdogo ndani yake.

Nilifungua kabati. Nikaiwasha simu, nikamwekea magotini, nikasubiri jua lizame.

Ikaita. Akapokea. Akanong'ona, akacheka kile kicheko chake. Alipomaliza akaniangalia, macho yamejaa uhai.

"Fundi wangu," akasema. "Mbona unalia?"

Kwa hiyo sasa simu yake naichaji mimi. Naifuta kioo. Umeme ukikatika nina betri ya akiba, na ya akiba ya akiba. Jirani yangu ananitania kwamba naogopa mume wangu asije akapitwa na simu za michepuko yake. Nacheka naye. Jua likikaribia kuzama natafuta kazi jikoni, nakwangua sufuria ambayo ni safi, ili nisisikie anavyomwita mpenzi. Nasikia hata hivyo.

Jana alikuwa bafuni jua lilipozama. Simu ilikuwa mezani, ikaita, ikaendelea kuita. Nilisimama juu yake nikiitazama. Nilijua nikiiacha ikate, atakayetoka bafuni ataniita dada.

Nikapokea.

Mvumo. Maji yanayochemka mbali. Harufu ya mafuta ya nywele ikapita chini ya pua yangu. Kisha sauti ya mwanamke, karibu sana, haina haraka.

"Bi mdogo... niitie mume wangu."

Maneno yote niliyokuwa nimemwekea tangu siku niliyoolewa yalinijia kinywani kwa pamoja. Bafuni mume wangu alikuwa anaimba, maji yanamwagika. Akiwa na mimi haimbi.

"Subiri kidogo, Bi Mkubwa," nikasema. "Anaoga."