Kengele Iliyonyamaza Kilimani

Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu, Mjomba alifunga kreti la mikate kwenye keria ya baiskeli yake nyeusi, akaivuta kamba mara ya mwisho, kisha akasema, "Haya, Kengele, panda."

Kengele halikuwa jina lake la shuleni. Alilipata pale kengele ya baiskeli ilipokata roho, na Mjomba, badala ya kununua nyingine, akampa mpwa wake kazi hiyo. Msichana alikaa kwenye bomba la mbele, juu ya kijimto kilichoshonwa na mama yake, akapaza sauti njia nzima: "Mikate hiyo, tupisheni! Mama mwenye ndoo, kushoto kwako! Kaka, simu itakuua, tazama barabara!" Watu walipisha huku wakicheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili na koo la kuamsha mtaa.

Jumamosi moja mikate ilipokwisha, Mjomba hakushika njia ya nyumbani. Alikata kona kuelekea hospitali.

"Nani mgonjwa, Mjomba?"

"Hakuna. Ndiyo maana tunakwenda."

Chumba cha kutolea damu kilinukia sabuni. Kilikuwa na vitanda vilivyoinuliwa upande wa kichwa, na muuguzi aliyening'iniza miwani kifuani. Alipomwona Mjomba alitabasamu. "Mwanabaiskeli wetu. Miezi mitatu imekwisha tayari?"

"Imekwisha, dada. Siku zinakimbia kuliko mimi."

Muuguzi alimpima uzito na shinikizo la damu, akamchoma kidole kuangalia wingi wa damu, kisha akamuuliza maswali. Je, alikuwa ameumwa siku za karibuni? Ametumia dawa yoyote? Amelala vya kutosha? Amekula?

"Nimekula," Mjomba akajibu. "Muuza mikate akishinda njaa, wateja wataitilia shaka mikate yake."

Sindano ilipotolewa kwenye pakiti, Kengele aligeuza uso ukutani. Baadaye udadisi ukamshinda, akachungulia. Damu ilipita kwenye mrija mwembamba na kuingia katika mfuko uliolala juu ya kimashine kidogo. Kimashine kile kiliutikisa taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Inauma?"

"Kama mwiba. Ukishaingia unausahau."

"Na atakayepewa unamjua?"

"Simjui."

"Sasa kwa nini unampa?"

Mjomba aliutazama mfuko. "Mikate ikiisha madukani, tunawasha tanuri. Damu haina tanuri, mwanangu. Haiokwi popote isipokuwa ndani ya watu. Mimi naamka mzima kila siku, napiga pedali, nakula, nalala. Ninayo ya kutosha. Yupo mtu leo hana."

Alipomaliza alipewa maji ya matunda na biskuti, akaamriwa kukaa. Muuguzi alimfunga bandeji kwenye kiwiko, akamtazama machoni.

"Leo baiskeli inasukumwa. Hakuna kupanda kilima, hakuna mashindano. Kunywa maji mengi, na mkono huu usibebe mzigo. Ukiulazimisha mwili leo, kizunguzungu kitakuangusha barabarani."

"Nimesikia, dada."

"Kusikia unasikia kila mara. Kutii ndiko sina hakika nako." Akamgeukia msichana. "Wewe ni nani wake?"

"Mpwa wake. Mimi ndiye kengele ya baiskeli."

"Vizuri. Basi, Kengele, namkabidhi kwako mpaka kesho."

Kengele akatanua kifua. Hakuna aliyewahi kumkabidhi mtu mzima.

Walitoka wakiisukuma baiskeli. Mjomba aliteremsha mkono wa shati, bandeji ikafichika. Walipofika chini ya kilima chenye tangi la maji, walimkuta Treni akiwasubiri.

Treni alikuwa muuza maziwa, rafiki wa Mjomba tangu utotoni. Aliitwa hivyo kwa sababu alipopanda kilima alipumua kama garimoshi. Kila Jumamosi, mikate na maziwa vikishauzwa, wawili hao walishindana mpaka kwenye tangi. Aliyeshindwa alimwita mwenzake "Mheshimiwa" wiki nzima, hata mbele za watu. Wiki hiyo Mheshimiwa alikuwa Mjomba.

"Mheshimiwa," Treni akasema, akiinama kwa madaha, "mbona unaishika baiskeli mkono kama bibi harusi? Mnakwenda kupiga picha?"

"Leo nimechoka kidogo. Tuache."

"Anachoka vipi mtu aliyenipita wiki jana akipiga mluzi? Sema umeogopa, nitakuelewa. Nimekula viazi leo, miguu inawaka moto."

Kengele alisogea. "Mjomba, muuguzi amesema—"

Mjomba akamkata jicho. "Mambo ya wakubwa hayo, Kengele."

Hakupenda kutangaza wema wake. Aliona aibu, kama mtu anayejipigia makofi. Lakini hata kuitwa mwoga hakukupenda, na Treni alijua kuuchokonoa moyo wake.

"Hata mtoto atakupita leo," Treni akaendelea. "Nikubebe mgongoni, Mheshimiwa?"

Mjomba akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka la pembeni. "Ngoja ninywe maji," akasema. "Nikitoka hapo, yakinge macho yako, maana utaona vumbi tu."

Akaingia dukani. Treni, akicheka, akaenda bombani nyuma ya duka kusuuza madumu yake. Kengele akabaki peke yake na baiskeli. Alikitazama kilima. Alikumbuka neno la muuguzi: kizunguzungu kitakuangusha barabarani. Alikuwa amekabidhiwa, naye amekubali. Kusema alikwisha kujaribu, akanyamazishwa. Angefanya nini?

Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kujaza upepo. Kengele aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akafungua valvu, kile kidude kidogo kinachozuia upepo usitoke. Upepo ukafoka, fyuuu, mpira ukalegea. Akatia valvu mfukoni na kurudi mahali pake, akitazama ng'ambo ya barabara kama mtu anayehesabu mawingu.

Treni ndiye aliyerudi kwanza. Alipita karibu na baiskeli ya Mjomba ili kupachika madumu kwenye yake, na Mjomba akatoka dukani na kumkuta amesimama papo hapo.

Mjomba alilitazama gurudumu. Akainama, akapapasa. "Valvu haipo."

"Haipo vipi?" Treni akauliza.

"Kengele, nani ameigusa baiskeli?"

Kengele alifunika mfuko wake kwa kiganja. "Sikuona," akasema. "Nilikuwa natazama kule."

Mjomba akainuka polepole, macho yakiwa kwa rafiki yake. "Treni, mzaha una mpaka. Hii ndiyo baiskeli inayonilisha. Nipe valvu yangu."

"Mimi? Nichukue valvu yako nikaipike?"

"Ulijua huwezi kunishinda."

Uso wa Treni ulibadilika. Kicheko kilikwisha, kama taa iliyozimwa. "Tangu tuko watoto," akasema kwa sauti ndogo, "umeniita majina mengi, na mimi nimekuita mengi. Mwizi hatujawahi kuitana." Akapanda baiskeli yake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mjomba akaisukuma baiskeli kilimani, mpira ukisaga kokoto. Hawakufika hata nusu. Jasho jembamba lilimtoka usoni, akakaa ukingoni mwa barabara na kuweka kichwa magotini. Kengele alimpa maji, akamkinga jua kwa kivuli cha kreti tupu.

"Muuguzi hakutania," Mjomba akasema alipopata nafuu. "Kama ningeshindana, sasa hivi ningekuwa chini ya gari."

Kengele alitaka kufurahi. Alikuwa amefanya kazi aliyokabidhiwa. Mbona basi valvu ile ilimchoma mfukoni kama kaa la moto?

Siku zilizofuata nyumbani kulipoa. Zamani Treni alileta maziwa asubuhi, akagonga mlango kwa mdundo wake na kuuliza kama Mheshimiwa ameamka. Sasa maziwa aliyaacha kwa jirani. Mjomba alinunua valvu mpya, akanunua na mnyororo. Hata akiingia kwa muuza sabuni kwa dakika moja, aliifunga baiskeli.

"Mnyororo wa nini?" mama yake Kengele akamuuliza.

"Ukiumwa na nyoka, dada yangu, hata unyasi hukushtua. Kama Treni ameweza, nani hataweza?"

Kengele alikuwa akila. Akaisukuma sahani pembeni. Aliona kwamba uongo wake haukukaa pale dukani alipouacha. Umemfuata Mjomba mpaka nyumbani, na sasa unamfundisha kuogopa watu wote.

Siku ya pili yake, alipotoka shule, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha maziwa. Treni alikuwa akifuta kaunta.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa maziwa?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe." Kengele alifungua kiganja. Valvu ilikuwa imelala humo, imelowa jasho. "Ni mimi niliyeichukua. Mjomba alikuwa ametoka kutoa damu hospitali. Muuguzi alimkataza kupanda kilima, akanikabidhi mimi. Nilitaka asianguke. Halafu aliponiuliza nikaogopa, na ukalaumiwa wewe. Nisamehe."

Treni aliacha kufuta. Aliitazama valvu, akamtazama msichana. Kengele alisubiri kugombezwa.

"Alikuwa ametoa damu?" Treni akauliza hatimaye.

"Ndiyo. Huwa anatoa kila miezi mitatu."

"Na mimi nikamuuliza kama nimbebe mgongoni." Akafunga kibanda bila hata kumaliza kufuta. "Twende. Kwake utayasema wewe mwenyewe, lakini nitasimama karibu."

Walimkuta Mjomba nje, akitia mafuta kwenye mnyororo wa pedali. Kengele alisema yote tena. Mara ya pili haikuwa rahisi zaidi. Ila hakuacha neno hata moja.

Mjomba alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Kisha akamgeukia rafiki yake kwanza.

"Nilikuita mwizi."

"Uliniita."

"Nimekosa, ndugu yangu. Nisamehe."

"Utaniita Mheshimiwa mwezi mzima," Treni akasema. "Hata kanisani, hata msikitini, hata kwenye foleni ya maji."

"Mwezi ni mrefu."

"Basi miwili."

Wakacheka, mikono ikakutana. Kengele alibaki ameinamisha kichwa mpaka Mjomba alipomwita karibu.

"Mkono wako ulinilinda, na nakushukuru. Ulimi wako ndio uliotuumiza. Lakini hukukosa peke yako. Mimi niliona haya kusema nimetoa damu, wewe uliogopa kusema umetoa valvu. Aliyesema siku ile ni Treni peke yake, naye hakuwa na la maana."

"Asante, Mheshimiwa aliyepinduliwa," Treni akaitikia.

Miezi mitatu ilipotimia, walikwenda hospitali watatu. Treni, ambaye alikiri kuogopa sindano kuliko mbwa, alifumba macho mpaka mwisho, kisha akauliza kama wameshaanza. Muuguzi alicheka hadi miwani ikadunda kifuani. Walipokwisha kupumzika na kunywa, walitoka wakisukuma baiskeli zao, mikono ya mashati ikiwa imekunjwa juu, bandeji nje.

Chini ya kilima vijana wawili wenye baiskeli mpya waliwapita. "Wazee," mmoja akasema, "hizo baiskeli ni mapambo?"

Kengele alimtazama Mjomba. Safari hii hakukatwa jicho. Mjomba alitikisa kichwa kumruhusu.

"Wametoa damu hospitali," Kengele akapaza sauti, kilima kizima kikasikia. "Leo hawapandi, wanasukuma. Wiki ijayo mtaona vumbi lao."

Kijana aliyewadhihaki alifunga breki, mwenzake akatangulia. Alizitazama zile bandeji, akashuka kwenye baiskeli yake. "Na mimi naweza kutoa?" akauliza.

"Kama u mzima, umetimiza umri na umekula," Treni akasema, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini. "Wala haiumi. Mimi hata sikutikisika."

Mjomba alikohoa kuficha kicheko. Wakaendelea kupanda, sasa wakiwa wanne, baiskeli tatu zikisukumwa taratibu, na yule kijana akiuliza maswali.

Kwenye tangi Mjomba alimwekea mpwa wake mkono begani. "Umesikia ulivyolia leo, Kengele? Siku ile ulinyamaza, gurudumu likaharibika na urafiki ukaharibika. Kengele haipigwi baada ya kugonga mtu. Inapigwa mapema, hata kama mwenye baiskeli amekasirika. Ukiona hatari, sema. Ukikosa, sema pia. Hata mimi nikikukata jicho, wewe lia tu."

"Hata mambo ya wakubwa?"

"Hasa ya wakubwa," akasema Mjomba. "Maana sisi ndio tusiotazama barabara."