Baiskeli Moja, Njia Mbili

Asubuhi hiyo Apolonia alisukuma baiskeli, mumewe Mageni amekaa nyuma. Mageni alikuwa mchimba dhahabu hodari. Sasa kifua kikuu kilikuwa kimemkausha.

"Kamata kiti vizuri, usianguke," alisema Apolonia.

"Zamani nilikupakia mimi," Mageni alitania, kisha akakohoa sana.

Walifika njia panda. Kushoto kulikuwa na zahanati ya Kharumwa. Huko Mageni alitakiwa kumeza dawa kila asubuhi, nesi akimwona. Kulia kulikuwa na ghala la parokia. Huko wagonjwa walipewa mahindi Jumanne asubuhi, na mgonjwa lazima aonekane mwenyewe. Leo ilikuwa Jumanne.

Apolonia akakata kulia. Nani atamlaumu? Watoto walikuwa wamelala na njaa.

Kesho yake Nesi Zipora aliwapokea kwa ukali.

"Mageni, kila Jumanne unakimbia dawa! Ukiruka dozi, vijidudu vya TB vinakuwa sugu. Dawa haitavimaliza tena. Utakufa, na watoto utawaambukiza!"

Apolonia alianza kulia. "Nesi, hatukimbii dawa. Tunafuata mahindi. Mgonjwa ni mmoja, atakuwaje ghalani na hapa?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hujaniuliza. Unagomba tu."

Maneno yale yalimchoma Zipora, maana yalikuwa ya kweli. Mchana alimfuata Januari, bwana maendeleo aliyesimamia mahindi.

"Lo! Mimi nilidhani wanatoka kwako ndipo wanakuja kwangu," alisema Januari.

"Na mimi nilidhani ni wakaidi. Tumemgawana mgonjwa kama nyama, Januari."

Walikwenda pamoja kwa padri, wakakubaliana. Mahindi yatatolewa zahanati, mgonjwa akishameza dawa. Januari alizungumza pia na Philomena, kiongozi wa kikundi cha kulima. Wanakikundi wakaja na majembe na nyimbo, wakalima shamba la Apolonia.

"Wabeja sana," Apolonia aliwashukuru.

Mageni hakuruka dozi tena. Alikula, akapata nguvu, akamaliza dawa zote. Makohozi yake yalipimwa, vijidudu havikuonekana.

Siku hiyo, nje ya zahanati, Apolonia alishika usukani kama alivyozoea. Mageni akamwondoa mikono taratibu.

"Panda nyuma, mama watoto," alisema. "Na ukamate kiti vizuri, usianguke."