Hakimu Haonjeshwi Mchele

Kila baada ya mavuno, Sihaba na mumewe Gharibu huwaonjesha watu mchele mpya. Humpelekea imamu, mwalimu na majirani. Mwaka huu Gharibu alijaza kapu moja zaidi.

"La nani hilo, Baba Ummy?" Sihaba aliuliza.

"La hakimu. Bashiru keshampelekea la kwake, nimemwona kwa macho yangu. Kalipokea huku anacheka. Tukikaa kimya, shamba limekwenda."

Bashiru alikuwa amewashtaki. Alidai shamba lao la Umwe ni lake. Hukumu ilibaki wiki mbili, na bila shamba lile hawakuwa na chakula.

"Kapu hilo haliendi," Sihaba alisema. "Twende Ikwiriri kwa Mama Theopista."

Theopista ni mwanasheria. Zamani, kwao Bukoba, alikuwa karani wa mahakama. Aliona kuku na ndizi zikipitishwa mlango wa nyuma, akachukia kweli. Akaenda kusomea sheria. Sasa huchunguza mahakimu wanaovunja maadili ya kazi. Ametishwa mara nyingi, lakini hajaacha.

"Mama, ile ni heshima tu," Gharibu alijitetea.

"Kwa mwalimu ni heshima, baba. Kwa hakimu mwenye kesi yako ni rushwa, hata kiwe kibaba kimoja. Ungepeleka, na wewe ungekuwa na kosa."

"Na aliyepokea?"

"Andikeni barua mbili. Moja ni malalamiko kwetu, tuyafikishe kwenye kamati ya maadili ya mahakimu. Taja ulichoona, siku, mahali na namba ya kesi. Usitie chumvi. Nyingine iende mahakamani, muombe hakimu mwingine. Ila shamba siwezi kuwapa mimi. Mkishindwa kesi, mna siku thelathini za kukata rufaa."

Sihaba alijifunza kuandika mwaka jana tu. Aliandika barua zote mbili kwa mkono wake, na Gharibu akatia sahihi yake.

Bashiru aliposikia, alikuja juu. "Futeni barua hizo, tutaelewana!"

"Sifuti," Sihaba alimjibu.

Hukumu iliahirishwa, na hakimu akaitwa mbele ya kamati ya maadili. Alikiri, akaondolewa kazini. Hakimu mpya alifika shambani, akakagua mipaka na kuwasikiliza majirani. Aliamua shamba ni la Gharibu na Sihaba.

Bashiru alibaki barazani mwa mahakama, ameinamisha kichwa. Sihaba alimsogelea.

"Chumba cha karani ni kile pale," alimwambia. "Una siku thelathini. Ukinishinda kwa haki, nitatoka."

Siku thelathini zilipita. Bashiru hakukata rufaa. Mvua ziliponyesha, Sihaba na Gharibu walipanda mpunga shambani kwao.