Mshale Usiopiga Hodi

Pale stendi ya Songea, katikati ya magunia ya mahindi na makelele ya wapiga debe, Domina alidaka boksi lililokuwa likiteleza kutoka juu ya basi la Dar. Gauni lake la kitenge cha njano likajaa vumbi.

"Dada, umeniokoa! Hiyo ni kompyuta."

"Na mimi nani ataniokoa na vumbi hili?"

Mwenye boksi, Anord, alikuwa mtafiti. Mwaka huo wa 1999 alitaka kujua kama watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, wanaweza kutunga programu moja kwa kuchora tu: visanduku, na mistari ya kuviunganisha. Alitafuta mwalimu wa hesabu. Domina alikuwa mwalimu wa hesabu, na yule kijana wa shati jeupe alishamkaa moyoni.

Wakapewa vyumba viwili vya jengo moja mtaa wa Ruhuwiko, waya wa kuunganisha kompyuta zao ukipita ukutani. Alichochora mmoja, mwenzake alikiona papo hapo. Kwenye skrini, mshale wa kipanya cha Domina ulikuwa mwekundu, wa Anord wa bluu. Siku Anord alipohamisha kisanduku cha Domina bila kuomba, mwenyewe aligonga ukuta.

"Kwenu mnajiingilia tu kwa watu? Piga hodi!"

Tangu hapo kila mmoja alitikisa kwanza mshale wake mara tatu. Mwenzake akijibu vilevile, ndiyo karibu. Mapenzi yao yalianzia hapo.

Ijumaa moja Anord alikwenda Tunduru, chumba akakifunga kwa kufuli. Jumatatu saa nne asubuhi mshale wa bluu ukatembea. Domina alitoka mbio, anacheka peke yake, akidhani Anord amerudi. Kufuli lipo. Akachungulia dirishani: kiti kitupu, skrini inawaka. Nywele zikamsimama.

Na bado alirudi kukaa, siku hiyo na zilizofuata. Jumatano aliandika ndani ya kisanduku: Nakupenda. Mshale ukapita juu yake kana kwamba hauoni, ukaendelea na kazi.

Simu ya mezani ikalia.

"Mpenzi, niko posta Tunduru. Mvua imekata barabara."

"Sasa huyu anayechora kwako ni nani, Anord?"

Anord akakiri: mashine ilirekodi mkono wake, sasa inaurudia. Utafiti ulitaka kujua kama Domina angetambua kuwa si yeye.

"Nilishuku siku ya kwanza. Hukupiga hodi."

"Hodi niliiondoa. Mashine ingesimama kusubiri jibu lako."

"Nimeiambia mashine yako nakupenda! Neno ambalo wewe mwenyewe sijawahi kukuambia!" Akakata simu, akalia kwa hasira.

Jumamosi alisikia kufuli la jirani likifunguliwa. Punde Anord akaingia moja kwa moja, matope hadi kwenye kola, akapiga magoti.

"Nisamehe. Nimeizima, na waya wa umeme nimechomoa. Nataka nikuoe, Domina."

Moyo ulimruka, lakini hakumpa nafasi. "Umeingiaje humu? Toka, uanze upya!"

Anord akatoka, akafunga mlango, akagonga. "Hodi!"

Kwenye skrini ya Domina, mshale wa bluu ukatikisika mara tatu. Ukatulia, ukasubiri.

Baridi ilimpanda hadi shingoni. Aliinuka, akaupa mshale mgongo, akaukazia macho mlango.

"Karibu, mume wangu," alisema, mikono yote miwili ameikumbatia kifuani, mbali na kipanya.