Mdhamini wa Daktari Nakal

Kong. Kong. Kong.

Mtu alikuwa akigonga chuma kwa jiwe, na kila pigo lilimwingia Adome kichwani kabla hajafumbua macho.

"Kaka, amka," Jean-Luc, msaidizi wake, aliita kutoka nje. "Bomba ya saba imegoma, wamama wamepanga mistari. Na daktari wako iko hapa. Amekuja na gari ya hospitali."

Adome, msimamizi wa mabomba ya maji katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alishika simu kwanza. Ujumbe wa jana wa Nakal, mpenzi wake, alikuwa ameusoma mara ishirini.

"Natoka wodini. Kesho nakuja Kakuma na karatasi. Ukikataa nitaelewa."

Karatasi gani? Siku hizi watu huachana kwa karatasi?

Alimkuta Nakal kando ya bomba, bahasha mkononi, hana koti jeupe.

"Ejoka, Adome."

"Ejok. Wamekufuta kazi Lodwar?"

"Nimepata ruhusa ya masomo. Miaka mitatu Nairobi, ubingwa wa afya ya jamii."

"Afya ya nini? Baba yangu anawaambia watu wa Lokori kwamba siku moja utasomea upasuaji. Ameshatenga ngamia wa mahari."

"Mimi sikumwambia hivyo."

"Nilimwambia mimi."

Jean-Luc alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Daktari bila mgonjwa ni daktari gani, Nakal? Utakuwa unahesabu vyoo?"

"Vyoo, mabomba, watoto waliokosa chanjo. Nataka kujua ugonjwa unaanzia wapi kabla haujanifikia kitandani."

"Na mimi niko wapi katika hayo yote?"

Nakal alimpa karatasi. Adome akaisoma polepole. Kaunti itamlipia masomo, naye akimaliza lazima arudi kuitumikia Turkana. Asiporudi, atakayeandamwa alipe ni mdhamini wake. Mahali pa jina la mdhamini palikuwa patupu.

"Yaani unaniacha, halafu niwaapie kaunti kwamba utarudi?"

"Ndiyo."

"Mwombe kaka yako."

"Huyo angetia sahihi bila kusoma. Mimi nataka mtu atakayenifuata nikichelewa."

Adome hakujua acheke au aitupe ile karatasi mchangani.

"Nani alikutia wazo hili?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mwaka wa kipindupindu, nikiwa zamu hapa. Uliniletea wagonjwa kumi na mmoja kwa siku moja, wote wa bomba moja. Ukanifokea mbele ya wauguzi. Ukasema, nyinyi madaktari mnakaa kule mwisho mnangoja, nani yuko huku mwanzo? Sikuwa na jibu, Adome. Hadi leo sina. Ndilo naenda kulitafuta."

Adome alikumbuka kufoka. Hakujua kama kuna aliyemsikiliza. Sasa maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakimchukulia mpenzi, na hapohapo, ajabu, kifua kilimjaa fahari. Hasira akaitafuta, asiione ilikokwenda.

"Kaka, mistari inakuwa mirefu," alisema Jean-Luc.

"Nipe kalamu."

Alitia sahihi kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Nakal akaipokea, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha.

"Basi sikia, na Jean-Luc awe shahidi," Adome alisema, sauti juu, kina mama wote wakageuka. "Kila asubuhi nitapima dawa ya kusafishia maji kwenye mabomba yote kumi na mawili, nikutumie vipimo. Miaka mitatu. Hata siku nitakayokuwa nimekukasirikia, nitapima."