Kofia ya Saba

Haya nimeyapokea kwa sahibu yangu, mwanamke abandikaye chapa kwenye kofia, ambaye sijamjua kwa uongo. Na Mola ndiye ajuaye zaidi.

Wachimba visima walimwagiza kofia saba nyeusi zenye chapa nzito ya manjano, isiyomezwa na weusi wa kitambaa, ili vichwa vyao vionekane gizani. Ya saba ilikuwa ya mdogo wake, mchimbaji mwenzao, aliyefukiwa na udongo kisimani siku mbili kabla ya kofia kuja kuchukuliwa, na hadi hapo hajapatikana.

Msimamizi wao alikuja kuzichukua.

"Sita zatosha, dada. Jioni hii tunakifunga kisima."

"Msikifunge, bwana. Hii ya saba bado ya moto. Karatasi ya chapa haibanduliwi mpaka ipoe."

"Umeipiga pasi saa ngapi?"

"Jana asubuhi."

"Basi tuinjikie chai!"

Umeme ulikuwa umekatika, chumba kilikuwa na giza, na mashine ya kupigia chapa ilikuwa imepoa tangu jana. Mara wakasikia tone likidondoka mezani kutoka kwenye kofia ya saba, kisha jingine.

Msimamizi akatia mkono ndani ya kofia ile isiyowahi kuvaliwa, akautoa upesi. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho vuguvugu, lililochanganyika na udongo mbichi.